Toa kamera kwenye oto: vitufe ulivyovikwepa na jinsi ya kuvitumia

Kuna watu wana kamera nzuri kabisa, vitufe kila upande, gurudumu la juu lina herufi kibao, na miaka yote hilo gurudumu liko palepale kwenye alama ya kijani ya oto, ambapo kamera inaamua kila kitu yenyewe, halijawahi kuzunguka. Sio dhambi. Oto ya kamera za siku hizi inafanya kazi nzuri tu na mtu akikucheka kwa kuitumia mpuuze. Shida yake ni moja, inakisia. Haijui kama unampiga mtoto anayekimbia au unapiga mlima ambao haujahama tangu dunia iumbwe, haijui kama kile kinachong'aa ni gauni jeupe au ni ukuta uliopigwa na jua, yenyewe inaona mwanga umeingia kiasi gani, inapiga hesabu, inakupa jibu la katikati. Vile vitufe vyote na ile menyu isiyoisha ni njia za kuiambia kitu ambacho wewe unakijua na yenyewe haikijui. Mi nilivyoanza kuviangalia hivo ndo menyu ikaacha kunitisha, maana kila setingi unajiuliza tu, hapa naiambia nini?

Na huhitaji zote. Kuna kurasa za menyu yangu sijazifungua tangu siku ya kwanza na wala sijakosa kitu.

Kabla ya yote, pembeni ya kidirisha cha kuchungulia kuna kigurudumu kidogo ambacho wengi wanadhani ni urembo. Hicho kinarekebisha kidirisha kiendane na jicho lako. Chungulia, usiangalie mandhari, angalia namba na maandishi yaliyo ndani, zungusha mpaka yakae makali. Nimeshaona mtu analalamika lenzi yake mbovu wiki nzima kumbe hicho kidude kilijizungusha ndani ya begi. Kama unavaa miwani amua mapema, utapiga ukiwa umevaa au umevua, afu rekebisha kulingana na hilo.

Herufi A, na ISO ya oto iliyofungwa kamba

Usikimbilie M, ile ambayo unapanga kila kitu mwenyewe, kwa sababu umesikia ndo ya watu wanaojua. Anza na A, kwenye Canon imeandikwa Av. Hapo wewe unachagua tundu la lenzi na kamera inatafuta spidi, yaani muda ambao mwanga unaachwa uingie, mfano 1/60 ya sekunde. Namba za tundu zinachanganya watu kwa sababu ziko kinyume, namba ndogo tundu kubwa, lakini ukijua zimetoka wapi zinaacha kuchanganya: ni kugawanya tu. Lenzi ya milimita 50 ukiiweka f/2 tundu lina upana wa milimita 25, ukiiweka f/10 tundu ni milimita 5. Kwahiyo ile f/ ni alama ya kugawa. Hatua zake kubwa zinaenda 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na kila ukisogea hatua moja kwenda juu mwanga unaoingia unapungua nusu.

Namba ndogo, nyuma ya mtu kunakuwa ukungu. Namba kubwa, vitu vingi vinakaa kwenye fokasi. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba ukienda mpaka f/16 au f/22 ukidhani unapata ukali zaidi, picha nzima inaanza kulainika, kwa sababu mwanga ukilazimishwa kupita kwenye tundu dogo sana unatawanyika. Lenzi nyingi zinakuwa kali zaidi kwenye f/5.6 au f/8 hivi, zaidi ya hapo unaongeza kina unapoteza ukali.

Sasa hapa ndo penyewe. ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikipanda picha inang'aa zaidi. Ingia kwenye menyu tafuta ISO ya oto, usiishie kuiwasha, ndani yake kuna vitu viwili: kikomo cha juu cha ISO, na spidi ya chini kabisa unayoikubali. Hiyo ya pili wengi hawajui kama ipo. Bila kuiweka, kamera ikikuta giza kidogo inateremka mpaka 1/60 au chini ya hapo, kwa mtu aliyetulia sawa, kwa mtoto kila picha inatoka na mikono minne. Ukiiambia spidi isishuke chini ya 1/250, basi giza likija inapandisha ISO kwanza, na ikishagonga dari la ISO uliloliweka ndo inaanza kushusha spidi. Mi naweka 1/125 kwa watu waliokaa, 1/250 kwa watu wanaoongea na kutembea, na 1/500 au zaidi kwa watoto maana watoto hawana mpangilio.

Najua wengi wanaiogopa ISO kubwa kwa sababu ya zile chenga, punjepunje zinazotokea kwenye picha. Nami nilikuwa hivohivo, nikang'ang'ania 800 narudi nyumbani na picha safi zisizo na chenga hata moja na zote zimetikisika. Chenga zina dawa, programu za kurekebisha picha siku hizi zinazipunguza vizuri sana, na picha ikiangaliwa kwenye simu hata hazionekani. Picha iliyotikisika haina dawa. Weka dari 6400, kama kamera yako ni ya karibuni weka hata 12800, jaribu mwenyewe uone unavumilia mpaka wapi.

Ukishazoea A, ile M haina maajabu, weka M lakini ISO iache oto. Wewe unashika tundu na spidi, ISO ndo inahangaika na mwanga. Kwa ndege, mpira, jukwaa la muziki, hii ndo naitumia kuliko nyingine yoyote.

Kitufe cha +/- na ugonjwa wa kijivu

Kama utasoma sehemu moja tu soma hii. Kitufe hiki kinaiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga wa picha. Kamera inapopima mwanga inafuata imani moja, kwamba ukichanganya kila kitu kilichopo kwenye fremu utapata kijivu cha katikati. Mara nyingi ni kweli, ndo maana oto inaponea. Ikikutana na kitu cheupe inaona mwanga mwingi mno, inaupunguza, cheupe kinakuwa kijivu. Ikikutana na cheusi inaongeza, cheusi nacho kinakuwa kijivu.

Usiniamini, jaribu sasa hivi. Chukua karatasi nyeupe, isogelee ijaze fremu yote, modi iwe A. Kamera inaweza ikagoma kupiga kwa sababu kwenye karatasi tupu fokasi haina cha kushika, we weka fokasi ya mkono, haijalishi hata ikiwa ukungu. Piga. Afu chukua shati jeusi fanya hivohivo. Ziweke picha mbili kwa pamoja uone, karatasi imekuwa na rangi ya mvua na shati limekuwa na rangi ya mvua, karibu hutofautishi ipi ni ipi. Sasa rudi kwenye karatasi, bonyeza +/- au zungusha gurudumu lake, peleka +1.7, piga tena. Hapo ndo inakuwa nyeupe. Shati lipe -1.3 au -1.7 linakuwa jeusi kweli.

Ukishaona hilo kwa macho yako husahau. Bibi harusi na gauni jeupe limejaa fremu, ongeza. Mtu kasimama mbele ya dirisha au anga jeupe, ongeza, na kama mtu mwenyewe ni mweusi wa ngozi na nyuma yake ukuta mweupe ongeza bila kuogopa, +1 mpaka +1.7, maana kamera itaulinda ukuta na kuuacha uso gizani na ukuta hakuna mtu aliyeomba picha yake. Msanii amemulikwa taa moja jukwaani na nyuma yake giza tupu, hapo kinyume, punguza, la sivyo kamera itahangaika kuangaza giza na uso utaungua, yaani utakuwa mweupe tupu.

Kuna wanaosema dawa ni kupima kwa nukta, ile modi inayopima eneo dogo tu la katikati au pale fokasi ilipo. Ni nzuri kwa jukwaa. Kwa kazi za kila siku mi naiona ni mtego, ukigusa kola ya shati badala ya shavu jibu linabadilika kabisa, picha moja ang'avu inayofuata giza. Bora upimaji wa kawaida wa fremu nzima na kidole kiwe tayari kwenye +/-.

Sasa utajuaje umeongeza kiasi cha kutosha? Sio kwa kuangalia skrini. Skrini inadanganya, usiku inaonekana inang'aa unadhani picha iko poa ukifika nyumbani giza, juani unadhani giza kumbe imeungua. Washa histogramu, ule mchoro unaoonyesha giza na mwanga vimegawanyika vipi kwenye picha. Ule mlima wenyewe usijali umbo lake, hakuna umbo sahihi, we angalia kingo: kushoto ni giza, kulia ni mwanga, na mlima ukiwa umebanwa kwenye ukuta wa kulia maana yake kuna sehemu zimeungua hazina kitu ndani. Kuna pia ile onyo ya kupepesa, sehemu zilizoungua zinawaka na kuzima ukiangalia picha, na kwenye kamera zisizo na kioo ndani (mirrorless), kuna mistari ya pundamilia inayokuonya kabla hata hujapiga. Ikipepesa taa ya dari achana nayo, ikipepesa kipaji cha uso punguza. Kitu kimoja cha kujua, hata ukipiga RAW, yaani faili ghafi kutoka kwenye sensa (sehemu ya ndani inayopokea mwanga), histogramu inatengenezwa kutoka kwenye JPEG ndogo ya kuonyeshea, kwahiyo mara nyingi RAW ina nafasi kidogo zaidi ya ile unayoonyeshwa.

Fokasi kwa dole gumba

Kitufe cha kupigia kina kazi mbili, ukibonyeza nusu kinashika fokasi, ukimalizia kinapiga. Tatizo ni kwamba kila ukitaka kupiga lazima kitafute fokasi upya hata kama hutaki. Dawa ni kuzitenganisha. Ingia kwenye menyu ya vitufe, ondoa fokasi kwenye kitufe cha kupigia, iache kwenye AF-ON, kitufe cha fokasi kilichoko nyuma pale dole gumba linapokaa, na kama kamera yako haina AF-ON basi AE-L, kile cha kufunga kipimo cha mwanga, kinaweza kupewa hiyo kazi kwenye kamera nyingi. Afu weka fokasi ya kufuata, AF-C, Canon wanaiita Servo, na iache hapo moja kwa moja.

Inavyofanya kazi: mtoto yuko kwenye bembea. Unaweka nukta usoni, unabana dole gumba na kulishikilia, bembea inakuja fokasi inakuja nayo, bembea inarudi fokasi inarudi nayo, kidole cha juu kinapiga pale unapotaka, pale juu kabisa ambapo bembea inasimama kidogo tu kabla ya kushuka. Anashuka, anasimama mbele yako anataka umpige akiwa ametulia. Unabana gumba mara moja, unaachia, fokasi imeganda hapohapo, unapanga fremu unavyotaka unapiga hata picha kumi na fokasi haihami ilimradi wewe na yeye hamjasogea. Yaani modi mbili ndani ya kitufe kimoja, kubana na kuachia, hakuna kuingia menyu.

Siku mbili tatu za mwanzo utasahau gumba na utapiga picha za ukungu, utaniwazia vibaya, vumilia. Na siku ukimpa mtu baki kamera akupige wewe, kwanza rudisha setingi ya zamani, maana atabonyeza kile kitufe cha juu kama watu wote wanavyofanya, atakwambia zimetoka nzuri, na fokasi itakuwa kwenye mti ulioupiga nusu saa iliyopita.

Kutambua jicho, kama kamera yako inayo, washa na uiamini ukiwa na mtu mmoja au wawili. Kwenye kundi inarukaruka toka uso huu kwenda ule na hapo rudi kwenye nukta moja ndogo unayoisogeza mwenyewe. Ndege na vitu vinavyopaa nukta moja ni mateso, tumia eneo. Kwa fokasi ya mkono kuna ile rangi inayopaka kingo za kitu kilicho kwenye fokasi, inasaidia kufika karibu lakini ni ya ukarimu mno, inapaka na vitu ambavyo havijashika vizuri, malizia kwa kukuza picha kwenye skrini uone kope.

Kutikisika, na shata ya kimya

Kanuni ya zamani bado inafanya kazi, spidi isiwe chini ya moja gawanya kwa urefu wa lenzi. Lenzi ya 200, angalau 1/200. Kama kamera yako ina sensa ndogo ya APS-C zidisha kwanza kwa 1.5, au 1.6 kwa Canon, kwahiyo ile 200 inataka kama 1/320. Uthabiti wa lenzi au wa sensa, ule mfumo unaopinga mtikisiko, unakuruhusu kushuka chini ya hapo sana tu, lakini unazuia mkono wako, haumzuii mtu unayempiga. Watu wanachanganya hili kila siku. Unaweza kupiga sinki la jikoni kwa nusu sekunde ukiwa umeshika kwa mkono likatoka kali, na kwa spidi hiyohiyo mtu anayecheka anatoka kama mzimu.

Kwenye tripodi lenzi nyingi za zamani inabidi uzime huo uthabiti kwa sababu zinatafuta mtikisiko usiokuwepo na zinautengeneza zenyewe. Weka na kihesabio cha sekunde 2 ili kidole chako kisiwe ndo tetemeko. Na ukipiga usiku sekunde 30 afu kamera ikakaa kimya sekunde 30 nyingine haijafa, inapiga fremu ya giza ya kusafisha chenga za joto la sensa, kama una haraka zima hiyo kwenye menyu.

Shata ndo inayofungua na kukata mwanga wa picha, na ya kielektroniki, ile isiyotoa sauti, ni tamu sana mahali pa utulivu, ila ijue tabia yake. Kwenye kamera nyingi sensa inasomwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, sio yote kwa mpigo, kwahiyo kitu kinachopita kasi kinainama, gari linalegea, panga za feni zinajikunja. Na chini ya taa unaweza kupata mistari ya giza na mwanga inayokatiza picha. Hiyo inatokana na umeme, ukiwa wa hezi 50 taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, wa hezi 60 mara 120, jicho halioni ila sensa inaona. Rudi kwenye shata ya kawaida, washa kizuia kupepesa kama kipo, au shusha spidi iwe 1/100 au 1/50 kwa hezi 50, na 1/125 au 1/60 kwa hezi 60.

RAW, rangi, na kadi inayochoka

JPEG ni picha iliyokwishapikwa, kila rangi ina ngazi 256 basi. RAW ni kile sensa ilichoona, kwa biti 12 ni ngazi 4096 na kwa biti 14 ni 16384, ndo maana ukivuta uso uliokuwa gizani kwenye RAW unakuja na ngozi, kwenye JPEG unakuja na matope. Kama huna muda wa kukaa kwenye kompyuta weka zote mbili pamoja, JPEG unatuma leo RAW inabaki kwa zile tatu nne ambazo ni muhimu. Sioni haja ya kupiga RAW kila kitu, picha ya risiti haihitaji ngazi 16384.

Rangi ya mwanga, ile inayopimwa kwa namba za Kelvin, ukipiga RAW unaibadilisha baadaye bila hasara. Ukipiga JPEG iwahi mapema: taa za njano za ndani kama 3000, jua la mchana kama 5500, kivulini 7000. Kinachovuruga watu ni kwamba ukipandisha namba picha inazidi kuwa ya njano, wakati mwanga wenyewe wa namba kubwa ni wa bluu. Ni kwa sababu unaiambia kamera "mwanga wa hapa ni wa bluu", nayo inapaka njano kuusawazisha.

RAW ni nzito, na ukipiga mfululizo kamera inafika mahali inagoma, ile kumbukumbu ya ndani imejaa inasubiri kadi imeze. Angalia kadi imeandikwa V ngapi, V30 inahakikisha kuandika angalau megabaiti 30 kwa sekunde, V60 ni 60, V90 ni 90. Ukikasirika kusubiri kumbuka kamera ya dijitali ya kwanza, aliyoitengeneza Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975, picha yake ilikuwa na pikseli 10,000 tu na ilichukua sekunde 23 kuiandika kwenye kaseti.

Kama kamera ina nafasi mbili za kadi, iambie iandike kwenye zote mbili kwa pamoja. Watu wanaitumia ya pili kama akiba ya nafasi mpaka siku kadi moja ife.

Flashi kwa kifupi

Watu wanaichukia flashi kwa sababu kwenye oto inafanya kazi ya mwanga wote na kinachobaki nyuma ni pango. Fikiria mianga miwili tofauti. Mlipuko wa flashi ni mfupi mno, spidi ya shata haiugusi, spidi inagusa mwanga wa mahali tu, ilimradi usipite kikomo cha kamera, mara nyingi 1/200 au 1/250. Kwahiyo ukumbi ukiwa giza shusha spidi mpaka 1/60 au 1/30, ukumbi unaonekana na rangi zake, na mtu anagandishwa na flashi. Kuna kitufe cha +/- cha flashi peke yake, kipe -1 uone nyuso zinavyoacha kuwa kama za pasipoti. Kama kichwa cha flashi kinageuka kielekeze kwenye dari jeupe. Ukipiga watu wanaocheza muziki jaribu flashi ya pazia la nyuma, inalipuka mwisho badala ya mwanzo, ile mistari ya mwendo inabaki nyuma ya mtu na sio mbele yake kama anarudi kinyumenyume.

Kupiga tatu kwa mpigo, moja kawaida moja -2 moja +2, kwa ajili ya kuunganisha, sina mengi, inafaa chumba chenye dirisha linalong'aa, kwa mtu anayesogea haifai.

C1, C2, C3

Hizi ndo setingi zilizonibadilishia maisha ya kupiga picha na ndo ambazo gurudumu la watu wengi halijawahi kufika, kwenye Nikon nyingi zimeandikwa U1, U2. Ni makabati matupu. Unapanga kamera yote unavyotaka, modi, ISO, aina ya fokasi, kila kitu, unaenda menyu unasema hifadhi kwenye C1, na kuanzia hapo kugeuza gurudumu mara moja ni sawa na kubadilisha vitu kumi.

Zangu ziko hivi. C1 ni watu: A, f/2.8, ISO ya oto isiyoshusha spidi chini ya 1/250, kutambua jicho, picha moja moja. C2 ni mwendo: M, 1/1000, tundu kubwa kabisa la lenzi, ISO ya oto, fokasi ya eneo, kupiga mfululizo. C3 ni tripodi: M, f/8, ISO 100 isiyo ya oto, kihesabio cha sekunde 2, uthabiti umezimwa. Nimekaa na mtu kwenye C1 ndege akatua kwenye uzio, geuza mara moja, piga, na mtu mwenyewe hajamaliza sentensi. Ya kwako itakuwa tofauti, angalia tu ni vitu gani unavibadilisha pamoja kila mara, hivo ndo viweke kwenye kabati moja.

Angalizo, kwenye kamera nyingi ukibadilisha kitu ukiwa ndani ya C1 afu ukazima, ukiwasha kinarudi kilivyohifadhiwa. Wengine linawakera, mi naona ndo uzuri wake, hata nikivuruga vipi kesho asubuhi iko safi. Kama hupendi, kamera kadhaa zina setingi ya kukubali mabadiliko yabaki.

Halafu ile menyu yangu, ukurasa unaoujaza mwenyewe. Weka vitu vitano tu: fomati kadi, spidi ya chini ya ISO ya oto, kizuia kupepesa, shata ya kimya, uthabiti. Ukiweka ishirini umerudi kulekule kwenye kutafuta.

Kinachobaki ni jinsi ya kuifunga siku, na hili nilijifunza kwa aibu. Jioni nilipiga nyota, M, ISO 6400, fokasi ya mkono, nikaitia kamera kwenye begi. Asubuhi yake sherehe ya familia, nikaitoa mbiombio, nikageuza gurudumu kwenye A na kuanza kupiga juani. Picha ya kwanza mpaka ya arobaini na kitu zote ISO 6400, na fokasi bado iko kwenye nyota, nyuso zote ukungu, na nilikuwa siangalii skrini kwa sababu nilijiona najua. Tangu siku hiyo kabla kamera haijaingia begini naipitisha hivi: gurudumu kwenye C1, +/- sifuri, swichi ya lenzi kwenye fokasi ya oto, uthabiti umewashwa. Zile mbili za mwisho ndo za kuziangalia kwa makini, maana kama swichi zake ziko kwenye lenzi yenyewe C1 haiwezi kuzirudisha, inabidi mkono wako.